Mume Wangu, Boti na Samoni wa Seattle

Ugomvi mkubwa kuliko yote katika miaka yetu 11 ya ndoa haukuhusu mwanamke mwingine, wala mawifi, wala simu yenye neno la siri. Ulihusu kioo cha inchi 9. Tuligombana kwenye maegesho ya duka la vifaa vya uvuvi, kaskazini ya Seattle, ile mvua nyembamba ya huku ikitulowesha, mimi nimeshika risiti, mwenzangu amekumbatia boksi kama mtoto mchanga. Mzee mmoja wa Kizungu akajifanya anakagua tairi la trela lake ili asikie vizuri. Kiswahili hajui, lakini si mnajua tena, ugomvi wa mke na mume hauna haja ya mkalimani.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mtoto wa Kigombe, kijiji cha wavuvi kilichopo kati ya Tanga mjini na Pangani. Baba mvuvi, babu mvuvi, wajomba usiseme. Mume wangu ni wa Usangi, juu kabisa kwenye milima ya Upare, mahali ambapo samaki ni dagaa wa gulioni au perege aliyetoka Nyumba ya Mungu. Watani zangu Wapare wanasifika kwa kubana pesa. Huyu wangu nadhani siku pesa zinafundishwa kubanwa yeye alikuwa hajaenda shule.

Tunaishi Kent, kusini ya Seattle, katika jimbo la Washington. Huku Kiswahili unakisikia dukani, saluni, hadi kwenye foleni ya basi. Maisha ni zamu tu: yeye usiku, mimi mchana, tunapishana mlangoni kama walinzi. Sasa siku moja mfanyakazi mwenzake akamchukua kwenda kuvua samoni. Alirudi jioni na samaki wa kilo nne, nguo zinanuka, macho yanang'aa. Nikajua hapa nimeibiwa mume. Mwaka haujaisha akanunua boti ya bati la alumini, futi 19, mkono wa tatu kama si wa nne, na tukakubaliana dola 3,000 za kuivalisha. Hizo na akiba ya kuezeka nyumba ya mama Kigombe zilikaa katika akaunti moja. Hapo ndipo palipokuwa na moto.

Kabla sijaendelea na ugomvi, niwapeleke kwenyewe kwanza.

Ukiangalia Seattle kwenye ramani haraka haraka unadhani ipo ufukweni mwa Pasifiki. Haipo. Bahari imeingiza mkono wake ndani ya nchi, ukajigawa vidole vidole kati ya visiwa na misitu, na mkono huo ndio unaitwa Puget Sound. Barafu ya zamani sana ndiyo iliyouchimba, na iliuchimba kweli kweli. Karibu na Point Jefferson, ng'ambo ya mji, kina kinafika kama mita 280. Kupwa na kujaa kupo kama kwetu, mita 3 na zaidi maji yakiwa makubwa. Mara ya kwanza nilipoona gati limesimama juu ya miguu mirefu yenye chaza na matope nilitaka kulia. Nilidhani nipo nyumbani. Kusini, siku isiyo na mawingu, unaona mlima Rainier umekaa na theluji yake, mita 4,392, na mume wangu kila akiuona anasema "Kilimanjaro mdogo wake huyo." Kila mara. Miaka 11.

Ukija Seattle, nenda Ballard. Pale kuna milango ya maji iliyofunguliwa mwaka 1917, inayopandisha na kushusha meli kati ya ziwa na bahari. Pembeni wamewajengea samaki ngazi yao, vidaraja 21, na chini kuna chumba chenye madirisha ya kioo. Unasimama gizani, na mbele ya pua yako samoni anapigana na maji. Amezaliwa mtoni, akaenda bahari kuu akala akanenepa, sasa anarudi mto uleule aliozaliwa atage mayai, kisha afe. Hali tena chochote akishaingia mtoni. Nilisimama pale na wanangu karibu saa nzima. Mimi niliyekua nikiparua changu na tasi bila huruma, siku ile nilimwonea samaki imani. Na jioni yake nikamla mwingine na ndimu, msinihukumu.

Samoni wa huku wapo wa aina tano. Mkubwa wao ni Chinook, wavuvi wanamwita mfalme, na yule wa Puget Sound amewekwa kwenye orodha ya wanaolindwa na sheria ya nchi tangu mwaka 1999. Ndiyo maana sheria za uvuvi ni nyingi kuliko za nyumba ya kupanga. Ndoano ya samoni haina kile kijino cha kuzuia isichomoke. Kimia cha kupakulia kisiwe na mafundo, yasimchubue samaki atakayerudishwa majini. Samaki wa kufugwa wanapokuwa wadogo hukatwa pezi dogo la mgongoni karibu na mkia, hivyo unapomtoa unaangalia kwanza pezi kabla ya kumuita wako. Kuna leseni, kuna kadi ya kuandika ulichopata, na kila eneo lina tarehe zake zinazobadilika mwaka hadi mwaka. Makabila ya wenyeji nayo yana haki yao ya nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa, walioipigania hadi mahakamani wakashinda mwaka 1974. Na nyangumi wale weusi kwa weupe wanaokula samoni, tangu Januari 2025 boti haitakiwi kuwasogelea chini ya yadi 1,000. Baba nilipomsimulia haya yote kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Sasa mvuvi anavua saa ngapi?"

Haya, turudi kwenye boksi.

Ndani ya boksi kulikuwa na ile mashine ya kuona samaki, wenyewe wanaiita fishifainda. Chini ya boti unafunga kidude kinachopeleka sauti majini. Ikigonga mwamba au samaki inarudi, na kioo kinakuchorea. Ni bildi ya kisasa, ile timazi ya kupimia kina aliyokuwa akishusha babu kwa kamba, ila hii inapima mara nyingi kwa sekunde na ina rangi. Yake ilikuwa dola 1,400. Na alishachagua danriga mbili za umeme, moja karibu dola 900. Danriga ni winchi yenye waya na chubwi zito la kilo tano sita. Unabana mshipi wako kwenye waya, chubwi linaushusha hadi kina unachotaka, mita 20 au 40, huku boti inatambaa taratibu. Samaki akiuma, mshipi unaachia kibanio, unabaki wewe na yeye. Ni kurambaza kulekule kwa Kigombe, ila kwa kina cha kuchagua.

Piga hesabu mwenyewe. Mia kumi na nne, na mia kumi na nane. Tayari tumepita 3,000, na ndani ya boti hakuna redio.

"Redio ya nini wakati nina simu?" akaniambia.

Wajameni, hapo ndipo nilipopandisha. Nikamwita mbinafsi, nikamwita mtoto, nikamkumbusha bati za mama. Naye akasema neno ambalo lilinikaa: "Wewe kila kitu changu unakiona ni hasara." Tukarudi Kent kimya, kilomita 50 na ushee, boksi likiwa katikati yetu kama mke mwenza.

Usiku ule nilimwambia kitu ambacho katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu kwetu mambo ya bahari hayasimuliwi, yanajulikana tu.

Nilikuwa darasa la tano. Ilikuwa msimu wa kusi. Baba na mwenzake walitoka na mashua yenye injini ndogo ya nje, injini ikafa alasiri, na upepo ukawa umekwisha kulirarua tanga la akiba. Mkondo wa kwetu unakwenda kaskazini, na kusi nayo inasukuma hukohuko. Usiku wa kwanza mama alikaa ufukweni na karabai. Usiku wa pili wanawake walikuja kukaa naye mkekani, wakaanza kuongea kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo mtoto anaielewa hata kama haelewi maneno. Siku ya tatu ikaja habari: wameokotwa na wavuvi wa Shimoni, Kenya, midomo imepasuka kwa kiu lakini wazima. Baba alisema kitu kimoja tu kuhusu siku zile. Alisema usiku wa kwanza meli kubwa ilipita karibu nao hadi wakasikia muziki. Walipiga kelele, walipunga shati. Hawakuwa na namna ya kusema neno moja likafika kule juu.

Mume wangu alinyamaza muda mrefu. Halafu na yeye akatoa la kwake. Akasema anakwenda baharini kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo msimamizi wa zamu hawezi kumpigia akamuomba aongeze saa nne. Na akasema anaogopa maji. Mtu mzima, kilo 90, anaogopa. Kwao ukisimama unaona bonde lote hadi chini. Hapa unaelea juu ya mita 280 za giza na hujui kuna nini. "Ile kioo mama, mimi samaki ni kisingizio. Nataka kuona chini."

Jumamosi tukarudi dukani pamoja, na safari hii nilikaa mimi kwenye kaunta. Hivi ndivyo tulivyonunua, na shoga yangu kama na wewe una mwanamume anayenyemelea boti, uko huru kunakili.

Tulianza na redio ya VHF ya kufungwa kwenye boti, wati 25, na antena ndefu. Pamoja zikawa kama dola 300. Simu inasikiwa na mtu mmoja uliyempigia, tena kama ana mtandao na hajalala. Redio kwenye chaneli 16 inasikiwa na walinzi wa pwani na kila boti iliyo karibu. Redio za siku hizi zina kitufe chekundu chini ya kifuniko: ukikibonyeza, inatuma yenyewe ujumbe wa hatari na mahali ulipo. Lakini sikia hapa, maana wengi wanapigwa. Kitufe hakifanyi kazi mpaka uombe namba ya tarakimu tisa ya boti yako na kuiingiza, na redio haijui mahali ulipo kama haina GPS ndani au hujaiunganisha na yako. Yule kijana wa dukani alituambia watu wananunua, wanafunga, wanaondoka, kitufe ni pambo.

Halafu majaketi. Maji ya huku ni ya nyuzi 8 hadi 13 hivi, mwaka mzima. Kigombe ukianguka umeoga. Hapa kuna hesabu wanayofundisha: dakika 1 ya kutuliza pumzi maana baridi inakufanya uhemee maji, kama dakika 10 za mikono kukutii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Kwa hiyo jaketi linalokaa chini ya kiti ni godoro la panya. Tulichukua yale membamba yanayojaa gesi yenyewe ukigusa maji, ili asiwe na kisingizio cha kulivua kwa joto, na kila mwanzo wa msimu nakagua mtungi wake mdogo wa gesi mwenyewe. Begani nikamfungia kile kitoa ishara cha setilaiti, kidogo kama pakiti ya sigara. Kinasajiliwa bure, na kinaita waokoaji hata kama boti imezama na redio imekwenda nayo. Hicho kilinigharimu dola 350 na sikuomba punguzo.

Kamba ya kuzima injini nahodha akianguka tuliikuta kwenye boti, imekatika. Mpya ni bei ya chipsi kuku, na tangu mwaka 2021 sheria ya Marekani inataka ivaliwe kwenye boti ndogo kama yetu. Betri ya pili, ya vioo na redio, ili ile ya kuwashia injini isiguswe. Injini ndogo ya kurambazia ilikuwepo tayari, na ndiyo akiba kubwa ikifa. Naijua thamani yake.

Na kioo? Alikipata. Tulirudisha cha inchi 9, tukachukua cha inchi 7 chenye ramani na kina kwa pamoja, nusu ya bei. Danriga tukapata mbili za kuzungusha kwa mkono, kutoka kwa mstaafu mmoja, dola 250 zote. Umeme wa nini na mikono anayo? Zikabaki dola mia tatu na kitu. Mnajua zilikokwenda. Bati za mama ni za bluu.

Septemba nikakubali kwenda naye. Watoto tukawaacha kwa jirani, saa 12 asubuhi tukashusha boti Shilshole, pale Ballard, mwanga bado wa kijivu. Tunavuka kwenda upande wa Point Jefferson, kama maili sita, na katikati ndiyo njia ya meli kubwa zinazoingia Seattle na Tacoma. Maji yamelala kama mafuta. Mume wangu anapiga mluzi.

Ukungu haukuja, ulikuwepo tu. Sekunde hii naona miti ya ng'ambo, sekunde ile sioni omo ya boti yetu. Halafu tukasikia honi. Ndefu, nzito, inatikisa kifua. Meli inayotembea kwenye ukungu inapiga honi ndefu moja, na haitakiwi kukaa zaidi ya dakika mbili bila kupiga tena. Ya pili ikaja kubwa zaidi ya ya kwanza. Inatoka wapi? Kwenye ukungu sauti inatoka kila mahali.

Nikamwona mume wangu ameshika usukani, vidole vimekuwa vyeupe. "Nikimbize tuvuke?"

"Usikimbie pahali usipopaona, baba watoto." Sauti haikuwa yangu, ilikuwa ya baba yangu.

Nikaweka redio chaneli 14, ambayo meli za upande huu hutumia kuripoti kwa waongozaji wake. Sauti ya mwanamume, shwari kabisa kama anasoma menyu, ikataja meli ya makontena inakwenda kusini na imefika wapi. Mwenzangu akaangalia ramani kwenye kioo chake. Ilikuwa nyuma yetu, mashariki kidogo. Njia tulikuwa tumeshaimaliza kasoro kidogo. Akaisukuma boti polepole kuelekea magharibi huku anasoma kina kwa sauti kama mtoto anayejifunza kuhesabu: mia na themanini, mia na arobaini, tisini, hamsini. Mimi napiga pembe ya hewa. Thelathini. Kumi na tano. "Hapa haifiki," akasema. Meli ya makontena haiwezi kuja kwenye mita 15. Akazima, tukatulia, na dakika chache baadaye mawimbi yake yakaja kututikisa, makubwa, ya mviringo, ya kitu ambacho hatukukiona kabisa.

Hakuna aliyesema "nilikuambia". Alinimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, mkono wake unatetemeka, nusu ikaingia kwenye kiatu changu.

Ukungu uliondoka saa 3. Saa 4 kasoro, mshipi wa kushoto, mita 24 chini, nyuma ya bamba la kung'aa na kijipweza cha plastiki cha kijani, ukaachia. Nisiwachoshe, kila mvuvi anadhani samaki wake ndiye wa kwanza kuruka. Alikuwa koho, samoni wa rangi ya fedha, kilo tatu na nusu, pezi limekatwa. Wetu.

Nikampigia baba kwa video. Kule ilikuwa saa 2 usiku, amekaa barazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umevaa kama polisi?" Ilikuwa jaketi. Nikamwonyesha samaki, akauliza nyama yake, nikamkatia kipande, akashangaa rangi ya chungwa. Halafu akauliza, "Mkwe wangu yuko wapi? Mna bildi?" Mume wangu akamwonyesha kioo, kwa fahari zote za Usangi. Mzee akatikisa kichwa tu.

"Na ile redio?"

Nikaweka chaneli ya hali ya hewa, nikaongeza sauti. Ni mashine inayosoma, Kiingereza kikavu, eneo baada ya eneo. Baba aliweka simu sikioni badala ya kuitazama. Alisikiliza dakika nzima, mimi naona sikio lake tu na mvi.

"Anasema nini?"

"Anasema kesho upepo wa kusini, noti kumi."

"Anasema mara ngapi kwa siku?"

"Mchana kutwa, usiku kucha, baba. Hanyamazi."

Akasikiliza tena kidogo. "Maskini," akasema, "na hakuna anayemjibu."

Mshipi wa kulia ukaachia. "Mama, kimia! Kimia!" Nikamwambia baba nitampigia baadaye.